Mlio wa Kwanza

Mjomba wangu ana vidole viwili tu katika mkono wa kulia. Nilipokuwa mdogo aliniambia vingine vililiwa na papa. Nilipoingia sekondari, papa akageuka kuwa mshipi uliomkaba akivuta samaki mkubwa. Kijijini kwetu, pwani ya Tanga, mikono ya namna ile ilikuwa mingi, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Mwaka juzi, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, kazi yangu ilikuwa kusikiliza bahari. Tulizamisha vinasa sauti vinne kuzunguka matumbawe, nami nikaandika programu ya kuchambua walichonasa. Unafungua faili ukitegemea ukimya, unakuta kelele kama ya mafuta yanayokaanga: ni kamba wadogo wanaofyatua magando yao usiku na mchana. Ndani ya kelele hiyo nilikuwa natafuta baruti.

Sikuwa wa kwanza. Machi na Aprili 2015, watafiti walipita pwani yote ya Tanzania kwa mashua wakisikiliza, wakathibitisha milipuko 318. Mimi nilitaka kujua kila mlipuko umetokea wapi hasa.

Kwa maneno ni rahisi. Sauti baharini husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kinasa kilicho karibu husikia mapema, na tofauti za muda hukupa mahali. Lakini kwenye maji ya kina kifupi sauti hugonga uso wa maji, ikagonga mchanga, ikapanda tena. Mlipuko mmoja hukufikia mara nyingi, mlio juu ya mlio. Programu yangu ilichagua mlio mkubwa kuliko yote, ikauweka mlipuko mmoja nchi kavu, katikati ya minazi. Ilinichukua wiki tatu kuelewa: mlio mkubwa unaweza kuwa miangwi iliyokutana njiani. Wa kutafuta ni ule uliotangulia, hata ukiwa hafifu.

Nikarekebisha. Nukta zikatoka minazini, zikakusanyika baharini, sehemu moja. Sehemu hiyo haina jina kwenye ramani. Naijua kwa sababu Mjomba alinifundisha kuipata, kwa kulinganisha mnazi uliopinda na paa la msikiti.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilimkuta anashona wavu, ameubana kwa kidole gumba cha mguu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama."

Nikamwonyesha ramani kwenye simu. Aliitazama sana.

"Hawa wanapiga jioni," akasema. "Sisi tulikuwa tunakwenda alfajiri, maji yametulia." Kisha akaanza kulalamikia bei ya nyuzi, kwa sauti kubwa, kwa muda mrefu. Sikusikia lolote baada ya lile neno "sisi".

Baadaye akauliza, "Hiyo utampa nani?"

"Chuo."

"Na chuo kitampa nani?"

Sikuwa na jibu. Mwanawe wa mwisho, niliyekula naye sahani moja utotoni, alikuwa ameingia uani na ndoo ya changu. Usiku shangazi akatupakulia wali na samaki. Nilipommega wangu, uti wa mgongo ulikuwa umeshavunjika vipande vipande ndani ya nyama.

Nilikula. Mwezi uliofuata niliwasilisha tasnifu, nukta zote zikiwamo.