Pwani Yetu ya Tanganyika

Kusini mwa Ufaransa wageni hulipa fedha nyingi ili kiongozi awatembeze siku moja kando ya bahari ya Mediteranea. Nasi tunayo pwani yetu. Siku ya amani, tukishika njia kutoka Katogota kwenda kusini, milima iko kuume, na bonde la Ruzizi kushoto. Twapita Luvungi, Sange na Kiliba, kisha Uvira, na tazama, ziwa! Kina chake ni meta 1,470. Duniani kote ni Baikal tu lililo na kina kuupita huo. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika huku kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakahakikisha kwamba Ruzizi huingia ziwani, wala hautoki.

Lakini kiongozi mwema haonyeshi maji na milima tu. Katogota penyewe atataja raia waliouawa Mei 2000. Mbele ya Uvira, huko Baraka, atasimulia habari za tarehe 28 Novemba 1964. Bruda Vittorio Faccin alipigwa risasi. Padre Luigi Carrara akakataa kumwacha, akapiga magoti kando yake, naye akauawa. Siku ile ile, huko Fizi, waliuawa Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert, mzalendo. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri.

Basi, enyi wazazi, ninyi ndinyi viongozi wa watoto wenu. Waonyesheni uzuri wa pwani hii, na damu iliyomwagika juu yake, wapate kuipenda kweli.