Kupanda si Kazi, Kazi ni Kushuka



Mjukuu wangu ana umri wa miaka 13, na tangu mwaka jana anajifunza kupanda farasi katika klabu ya vijana ya 4-H, ambayo hapa jimboni husimamiwa na Chuo Kikuu cha Minnesota. Alipoalikwa kwenda kambi ya wapanda farasi kwa siku tatu katika bonde la mto Zumbro, baba yake alikataa. Jamaa walidhani anakataa kwa kuwa farasi si jambo la kwetu. Mimi niliijua sababu. Mwanangu alikuwa na miaka 6 mwaka 1991, lori alimosafiri baba yake lilipokatika breki likiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Mume wangu hakurudi nyumbani. Tangu siku hiyo mwanangu haiamini barabara yoyote inayoinama.

Sikubishana naye. Nilimwomba jambo moja tu: niende mimi, niketi mbele pamoja na dereva, nami nikiona dalili ya uzembe nimrudishe mtoto mjini. Nimefundisha jiografia mkoani Tanga kwa miaka mingi, na barabara ile ya Usambara nimeipita kabla ya msiba na baada yake. Alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Kwa hakika Minnesota haina milima ya kulinganishwa na yetu. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Eagle Mountain, kina mita 701, ilhali mji wa Lushoto peke yake uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Lakini pembe ya kusini mashariki ya jimbo hili haikufunikwa na barafu ya zama za mwisho iliyosawazisha nchi nyingine. Huko mito imechimba mabonde yenye kingo kali, na kando ya Mississippi magenge yamesimama mamia ya futi juu ya maji. Anayevuta tela la farasi huko ana kazi ya mlima, hata kama ramani haiuiti mlima.

Mwenye farasi ni mkulima mmoja mzee wa kaunti ya Dakota, kusini mwa Saint Paul, ambaye babu zake walitoka Norway. Nilimweleza waziwazi yaliyotupata Usambara. Hakunipa maneno ya kunituliza. Aliniita nyuma ya gari, akanionyesha.

Alianza na uzito. Farasi wa kimo cha kawaida ana kilo 450 hadi 550. Tela lake hubeba wawili, na ukijumlisha uzito wa tela lenyewe, mzigo unapita tani mbili. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo yapasa iilalie pikapu. Ikipungua, tela huyumba huku na huku. Farasi aliye mzito zaidi huwekwa upande wa kushoto, kwa kuwa hapa magari hupita kulia, na barabara imeinuka katikati ikainama kuelekea ukingoni. Kwetu Afrika Mashariki, tunakopita kushoto, ingekuwa kinyume.

Kisha akanionyesha minyororo miwili iliyopishanishwa chini ya kiungo, ili tela likichomoka lidakwe kabla mkono wake haujagusa lami. Tela lina breki zake lenyewe, za umeme, ambazo dereva huzirekebisha kwa kifaa kilicho karibu na usukani. Lina pia betri ndogo: likikatika kabisa, waya hufyatuka, na betri hiyo huzikaza breki hata kama pikapu imekwisha kwenda zake. Akasema, "Watu wanaponunua gari la kuvutia tela huuliza lina nguvu gani ya kuvuta. Mimi huuliza litanizuiaje."

Tuliondoka siku ya Ijumaa asubuhi. Tukapita Hastings, Red Wing na Lake City, Mississippi ikiwa kushoto kwetu. Mzigo wa tela, tofauti na magunia, una miguu. Farasi husimama muda wote akijishikiza kwa misuli yake, wala haioni kona inayokuja. Dereva akikata kona ghafla, mnyama hupepesuka. Kwa hiyo mzee alipunguza mwendo kabla ya kuingia kila kona, akapita polepole mithili ya mwanamke aliyejitwika mtungi uliojaa maji.

Baada ya Wabasha tuliiacha barabara ya 61 tukaishika ya 60 kuelekea magharibi. Kabla ya kuteremka bondeni mzee alisimama kando, kama alivyofanya mara mbili njiani, akapitisha kiganja karibu na kila gurudumu la tela. Moja lilikuwa na joto kuliko mengine: beringi ilianza kukwama. Kambi ilikuwa karibu, wenzetu walikwisha kufika, na mvua ilikuwa inatanda. Sikusema neno. Nilingoja nione atafanya nini, kwani hapo ndipo nitakapojua kama mjukuu wangu atashuka naye au la.

Alitia kabari chini ya magurudumu, akampigia fundi simu, akasema, "Hatushuki."

Tulikaa pale saa tatu. Farasi hawakuteremshwa, maana farasi akiponyoka kando ya barabara huwa hatari kwake na kwa wenye magari. Mjukuu wangu alifungua kidirisha, akawanywesha maji kwa ndoo, akazungumza nao kwa Kiswahili, nao wakatulia. Tulisali adhuhuri na alasiri kwa kupunguza na kukusanya, kama msafiri anavyoruhusiwa, na mzee akazima redio bila kuombwa.

Fundi alipomaliza tulianza kushuka. Kanuni aliyoifuata mzee ndiyo waliyoifuata madereva wazuri wa malori ya mboga kule Usambara: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Injini ndiyo ilizuie gari. Breki zikanyagwe kisha ziachwe zipoe. Breki iliyoshikiliwa mfululizo hupata moto, na iliyopata moto haishiki, hata uikanyage kwa miguu miwili. Kwa mujibu wa waliosalimika, ndivyo lilivyokwenda lori la mwaka 1991. Niliisikia injini ikinguruma kwa kuzuia, na mkono wangu haukuuachia mlango mpaka tulipofika chini.

Usiku ule nilimpigia mwanangu simu, nikamweleza yote, na habari ya gurudumu sikuificha. Alinyamaza, kisha akauliza, "Saa tatu nzima?" Nikamjibu, "Saa tatu nzima." Jumapili alikuja mwenyewe, akaendesha gari lake nyuma ya tela mpaka shambani.

Ndugu zangu, watoto wetu hualikwa safari nyingi katika nchi hii: kambi, michezo, maziwa, theluji. Aghalabu sisi wazazi hukataa kwa hofu, au hukubali kwa kuona haya kuuliza. Mimi naona iko njia ya tatu, nayo ni kuomba kuonyeshwa. Muulize anayemchukua mwanao: Nani anaendesha? Breki zilikaguliwa lini? Na ikitokea hitilafu huku mmechelewa, mtafanya nini? Lisikilizeni zaidi jibu la swali la mwisho. Mtu aliye tayari kuchelewa kwa ajili ya mtoto wa mwenziwe, huyo mwaweza kumkabidhi mtoto.

Wabillahi tawfiq.