Sare ya Mpeleka Barua

Katika mashindano ya wabuni wa mavazi yaitwayo Project Runway, yaliyoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani Desemba 2004, washindani wa mwanzo walipewa mtihani ambao mimi naupenda kupita mingine yote: kubuni sare mpya ya wapeleka barua wa Posta ya nchi ile. Mingi katika mitihani yao ilitaka uzuri. Huu ulitaka uzuri uwe mtumishi.

Kwetu barua hungoja sandukuni mpaka mwenyewe aifuate, basi yafaa nieleze kazi ya watu hawa. Mpeleka barua wa Marekani huenda mlango kwa mlango, mkoba begani, katika jua, mvua na theluji. Huinama, hupanda ngazi, hushuka garini na kupanda tena mara nyingi kwa siku. Kwake suruali inayobana magoti ni adhabu, na mfuko uliofunikwa na mkoba ni kama haupo.

Lakini nguo zile zilihukumiwa juu ya miili mirefu, myembamba, iliyotembea hatua chache mbele ya waamuzi walioketi. Hapo ndipo moyo wangu ulipoingia shaka. Marehemu mama yangu alivaa sare ya hospitali miaka 26, wala hakuulizwa hata siku moja mfuko ukae wapi. Alishona wake mwenyewe kwa ndani, kwa sindano ya mkono, akatia humo nauli na miwani. Aliyeibuni sare ile hakupata kuuona.