Mtihani wa nyongo

Leo siandiki kuhusu bumu wala foleni ya kafeteria. Naandika kuhusu nyongo. Ndiyo, nyongo. Vumilieni.

Mnaosoma ualimu mnalijua lile somo la upimaji na tathmini, lenye sapu nyingi kuliko huruma. Tunafundishwa kwamba mtihani unaweza kukosea kwa njia mbili: ukamfelisha anayejua, au ukampitisha asiyejua. Nilikuwa nalisoma hilo kwenye desa kama wimbo tu, nisije nikadisko. Uzito wake nimeuona niliposoma habari za Walter Payton.

Payton alicheza futiboli ya Kimarekani (ile ya kushika mpira kwa mikono, msichanganye na yetu) kwenye timu ya Chicago Bears. Misimu 13, kuanzia 1975 hadi 1987, na muda wote huo alikosa mechi 1 tu. Mtu wa chuma. Februari 1999 akajitokeza mbele ya waandishi wa habari, amekonda, akasema ana ugonjwa wa ini uitwao PSC na anahitaji kupandikizwa ini. Miezi michache baadaye ikagundulika kansa ya mrija wa nyongo, na kupandikizwa hakukuwezekana tena. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo akafariki.

PSC ni hivi. Ini linatengeneza nyongo, na nyongo inapita kwenye mirija kwenda kwenye utumbo. Kwa mwenye PSC mirija hiyo inavimba, inapata makovu, inabana. Kati ya wagonjwa 100, takriban 10 hadi 20 hupata kansa ya mirija hiyo maishani mwao. Na hapa ndipo mtihani unapokuwa mgumu: kovu linabana mrija, kansa nayo inabana mrija. Macho ya njano, kuwashwa mwili, kukonda... vyote viwili vinaleta. Hata kwenye picha vinaweza kufanana kama mapacha.

Kuna kipimo cha damu kinaitwa CA 19-9. Kinapanda kansa ikiwepo, lakini kinapanda pia mrija ukiziba tu au ukipata maambukizi. Huyo ni mwanafunzi aliyefelishwa bure. Halafu kuna watu ambao kwa maumbile yao miili haitengenezi kitu hicho kabisa, hata kansa ikiwepo. Kwa Wamarekani weusi ni karibu 1 kati ya 5, kwa wazungu ni wachache zaidi. Hao wanapewa A ambayo hawakuisomea. Ile njia ya kupitisha kibrashi ndani ya mrija kukwangua seli nayo inakamata chini ya nusu ya kansa zilizopo.

Sasa madaktari wanafanyaje? Wanafanya tathmini endelevu, ileile tunayohubiriwa sisi darasani. Mwongozo wa wataalamu wa ini wa Marekani wa 2022 unataka mtu mzima mwenye PSC apigwe picha kila mwaka, hasa ya MRI, na CA 19-9 inaweza kuongezwa. Siyo kwamba picha ya mwaka huu ina majibu yote. Inawekwa kando ya ile ya mwaka jana, halafu linaulizwa swali: nini kimebadilika?

Na kuwahi kunalipa. Tangu 1993 Mayo Clinic ya huko Marekani inawapa wagonjwa wachache mionzi na dawa kwanza, kisha inawapandikiza ini, mradi uvimbe usizidi sentimita 3 na uwe haujasambaa. Zaidi ya nusu ya waliopandikizwa walikuwa hai miaka 5 baadaye. Sentimita 3 jamani! Kifutio changu ni kikubwa zaidi.

Kwa nini nayachimba haya badala ya kusoma? Mjomba wangu ana homa ya ini B ya muda mrefu, ini limeshapata makovu. Siyo PSC, na kwake kinachohofiwa zaidi ni kansa ya ini lenyewe, ingawa virusi hivyo vinaongeza pia hatari ya kansa kwenye mirija ya nyongo iliyo ndani ya ini. Ameambiwa altrasaundi kila miezi 6. Kaenda mara 3, mara zote hawakuona kitu, sasa kagoma. "Nalipa nauli, nalipa kipimo, naenda kuambiwa sina kitu?" Nyumbani nusu wanamuunga mkono, maana hela hiyohiyo ndiyo ada ya binamu yangu. Siwalaumu.

Juzi usiku nikampigia kutoka vimbwetani. Shikamoo mjomba, marahaba, nikaingia moja kwa moja: zile karatasi 3 zisizo na kitu ndizo mali. Siku kikionekana kidoa, daktari atajuaje kama ni kipya au kilikuwepo siku zote? Kimya. Nikadhani salio limeisha. Kumbe anamuuliza mkewe karatasi ziko wapi. Moja iko chini ya godoro, nyingine ndani ya Biblia, ya tatu inatafutwa.

Tumekubaliana aje Dar mwezi ujao na zote alizonazo. Nauli ya kurudi natoa mimi, bumu likitoka.

"Haya mwalimu, nitakuja," akasema, "ila foleni utapanga wewe."