Miezi 46

Hesabu niliipiga mimi. Nalitanguliza hilo kwa sababu mama hajawahi kulisema, na sidhani kama atalisema.

Ilikuwa Januari 2022, nipo nyumbani Itigi. Wiki chache nyuma, Desemba 2021, ulikuwa umesainiwa mkataba wa kipande cha tatu cha SGR, Makutupora hadi Tabora: kilomita 368 ukijumlisha njia za kupishania, dola bilioni 1.9, miezi 46. Makutupora yenyewe iko wilayani Manyoni, na reli ikitoka hapo inakuja kwetu. Mama alikuwa na uwanja nyuma ya nyumba na wazo la vyumba vinne vya kupangisha.

"Mama, wewe ndiye msomi," aliniambia. (Ananiita mama tangu nikiwa mdogo, jina la bibi ni zito kulitamka ovyo.) "Hao mafundi watakaa hapa muda gani?"

Nikachukua daftari. Miezi 46 ni karibu miaka minne. Vyumba vinne kwa 40,000 ni 160,000 kwa mwezi. Marejesho ya mkopo yalikuwa 130,000 kwa miezi 24. Ukishamaliza deni, inabaki karibu miaka miwili ya kula faida. Nilichora mstari chini ya jibu, mara mbili, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Mama hakuuliza swali la pili.

Tofali alifyatua mwenyewe na vijana wawili. Mkopo ukaenda kwenye kenchi, mabati, milango na saruji ya sakafu. Vyumba vitatu vilipata wapangaji kabla sakafu haijakauka vizuri: dereva wa greda, fundi wa vyuma, na kijana wa kupima udongo ambaye alikuwa akimsalimia mama shikamoo kila asubuhi hata kama anakimbilia gari. Cha nne kilisubiri bati.

Kisha kazi ikapoa. Haikutangazwa popote. Dereva wa greda alisema anakwenda kwao mara moja, akaacha godoro. Mwezi uliofuata akaja mdogo wake kulichukua.

Hapa ndipo nilipokosea, na nilihitaji miaka miwili na shahada ya pili kupaelewa. Mtu angedhani mradi ukichelewa ni heri kwa mwenye vyumba, kwamba wapangaji wataongeza muda. Lakini kuchelewa hakuna maana kwamba watu wanafanya kazi polepole. Maana yake ni kwamba hawapo. Mashine zimelala, tuta linaota majani, na aliyekuja kwa ajili ya kazi amekwenda kuitafuta kwingine. Bajeti ya Wizara ya Uchukuzi iliposomwa mwaka 2024, kipande chetu kilikuwa hakijafika asilimia 15.

Na ushahidi ulikuwepo siku ile ile ninapiga hesabu. Dar es Salaam hadi Morogoro ilisainiwa Februari 2017 kwa miezi 30. Mwanafunzi wa darasa la saba angejua hiyo inaishia 2019. Mimi nilikuwa nimekaa na daftari mwaka 2022, hakuna abiria hata mmoja aliyekuwa amepanda, na bado nikaichukua ile 46 kama vile imeandikwa kwenye jiwe. Abiria wa kwanza walipanda Juni 14, 2024.

Sasa tasnifu yangu ni kuhusu gharama za ucheleweshaji. Msimamizi wangu anadhani niliichagua mada kwa sababu ya takwimu. Nimesoma utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake wa mwaka 2002, miradi 258 duniani: ya reli ilizidi makadirio kwa wastani wa asilimia 44.7. Nimesoma kuhusu tramu ya Edinburgh, iliyopangiwa pauni milioni 545, ikala milioni 776, ikachelewa miaka mitatu na kuishia njiani. Sehemu iliyokatwa ilifika Newhaven mwaka 2023. Tume ya kuchunguza kwa nini ilichelewa iliundwa 2014 ikatoa ripoti 2023. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktaba, mlinzi akanitazama.

Jedwali langu lina safu ya riba, ya mashine zilizolala, ya shilingi kushuka mbele ya dola. Niliongeza safu ya watu waliokopa kwa kuamini ratiba. Msimamizi aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: data iko wapi? Ana haki. Data ni magunia ya alizeti ambayo tungeyashikilia hadi bei ipande, tukayauza wakati wa mavuno kila mtu anauza, ili tarehe tano marejesho yawepo. Data ni mabati ya chumba cha nne, ambayo yalinunuliwa, yakakaa chini ya kitanda cha mama miezi minane, yakauzwa. Chumba hicho ni pagale hadi leo. Kuku wanataga humo.

Marehemu babu, mtu wa upande wa Kinyangiri, alikuwa na hadithi ya reli ya Waingereza: ilijengwa miaka ya 1930 kutoka Manyoni kupita Singida hadi kwao, na miaka ya 1940 ikang'olewa, chuma kikapelekwa kusini kwenye mradi wa karanga. Aliona mataruma yakibebwa kuwa kuni. Mama aliisikia hadithi hiyo maisha yake yote. Akaamua kuliamini daftari langu.

Deni liliisha mwaka jana. Mama alikuja Dar es Salaam kunitembelea, basi hadi Dodoma, kisha treni, 31,000. Nilimpokea stesheni anang'aa. Chini ya saa nne! Chai haikumwagika! Alinisimulia vituo vyote hadi tukafika chumbani kwangu, akavua viatu, akakaa kitandani.

"Mama," akasema, "na hicho kipande chetu sasa, wanasema miezi mingapi?"

Kompyuta ilikuwa mezani, jedwali likiwa wazi. Nikaifunga, nikamuuliza kama atakula wali au ugali.