Mtungi wa Kibokoni

Ijumaa iliyopita, baada ya Alasiri, nilipita vichochoro vya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hadi nyumbani kwa mtoto mwenye usonji ambaye mimi mwenyewe nilimrejesha kwa wazazi, nikidai hafundishiki kwa kuwa hasemi. Mamake aliketi mbele yake ameshika tende, asimuulize neno. Nyuma, dadake mkubwa alimwongoza mkono kimya kimya: mtoto akatwaa picha ya tende, akamkabidhi mama, papo hapo akapewa tende. Mkono huo wa nyuma hupunguzwa siku hadi siku, mpaka uondoke. Mbinu hii waliibuni Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985. Nilipoaga, mtoto alinitia mkononi picha ya maji. Nikauliza mtungi u wapi.