Protini Ileile, Vichupa Viwili

Najua nimekuwa kimya, na wale mnaoulizia lile somo la hifadhidata, vuteni subira. Leo nataka kuandika kuhusu protini, na si ile ya maharagwe.

Mama anaishi hapa Nyeri, na figo zake zimechoka. Mara mbili kwa wiki husafishwa damu kwa mashine. Nilichokuwa sijui ni kwamba figo hazichuji damu tu. Ndizo hutengeneza erithropoetini, kwa kifupi EPO, protini inayouamuru uboho utengeneze chembechembe nyekundu za damu. Figo zikifa, amri haitumwi, na mtu huishiwa damu hata akila mboga za kienyeji kutwa kucha. Kwa hiyo Mama hudungwa EPO ya kiwandani.

Mwaka jana duka la dawa tunalolitegemea liliishiwa. Nikapiga simu Karatina, Nanyuki, Murang'a, wapi! Mama akipanda ngazi tatu, anaketi.

Usiku nikaingia mtandaoni. Tovuti moja ilikuwa ikiuza EPO ya binadamu, unga ndani ya kichupa, "kwa utafiti wa maabara pekee". Nikasoma mfuatano wake: asidi amino 165, sawasawa na ile ya mwilini. Jamani, mimi ni mwanaprogramu. Msimbo ukiwa uleule, programu si ni ileile? Nikaiweka kwenye kikapu.

Kilichoniokoa ni tabia ya kusoma maelezo mpaka chini. Unga ule ulitengenezwa na bakteria, E. koli. Digrii yangu ya kompyuta haikuwa na biolojia hata kipindi kimoja, basi nikakesha nikisoma. Kumbe seli ya binadamu ikishaunga EPO huipachika minyororo ya sukari, na sukari hiyo ni karibu asilimia 40 ya uzito wake wote. Bila sukari, mwili huiondoa kwenye damu upesi kabla haijafanya kazi. E. koli haijui kupachika sukari hizo. Msimbo mmoja, kompaila mbili! Isitoshe, bakteria huacha mabaki yenye sumu yanayoweza kumpandishia mgonjwa homa kali, na kichupa cha maabara hakuna aliyekipima kwa ajili ya mshipa wa mtu. Nikafuta kikapu. Bado nikikumbuka nasisimka.

EPO ya hospitali hutengenezwa na seli za hamsta, jamaa ya panya, zilizopewa jeni ya binadamu. Seli hizo zinajua kazi ya sukari. Kabla ya hapo hali ilikuwa ngumu: mwaka 1977 Eugene Goldwasser na Takaji Miyake walichuja lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani wakapata miligramu chache tu. Mwaka 1983 Fu-Kuen Lin wa Amgen akaipata jeni, na 1989 Marekani ikaidhinisha dawa.

Hata hivyo sukari za hamsta hazifanani kabisa na zetu. Kwa mgonjwa si neno, lakini mwaka 2000 wanasayansi wa Ufaransa waliitumia tofauti hiyo kubuni kipimo cha mkojo cha kuwanasa wanariadha. Rita Jeptoo, aliyemaliza wa kwanza Boston 2014 lakini baadaye akavuliwa ushindi huo, alinaswa na EPO mwaka huohuo. Na kule Nyahururu, hewa nyembamba huzifanya figo za vijana ziongeze EPO bure!

Tulipata dawa Nairobi. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, isigande, isitikiswe, nami nasafiri kwa matatu! Nikaipakata ndani ya kibebeo cha baridi, gazeti likiitenga na barafu, na kihisi cha joto kimeunganishwa na simu. Sagana, kwenye msongamano, kilisoma 7. Sikuongea na mtu mpaka Karatina.

Nilipomweleza Mama habari za hamsta, alinitazama sana.

"Yaani kijana wangu, umenitoa Nairobi dawa ya panya?"

Amecheka wiki nzima, na ngazi sasa anapanda zote, japo polepole. Ile programu ya kihisi nitaiweka hapa nikishasafisha msimbo. Kwa sasa inanitia aibu.